Ugonjwa Umerudi: Je, Nimwambie Mwenzangu?



Jumapili moja, baada ya misa ya pili, mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa mpaka watu wote wakatawanyika. Nilidhani anataka kumwandikisha mtoto wa kipaimara. Kumbe sivyo.

"Mwalimu," aliniambia, "bwana yangu ana mwanamke mwingine."

Nikamwuliza anajuaje. Akanihesabia kwa vidole. Kila baada ya wiki kadhaa bwana husafiri kwenda Nairobi, akisema anafuata bidhaa za duka, lakini bidhaa zenyewe hazionekani. Simu huzimwa siku nzima. Pesa za maziwa hupungua. Asubuhi hataki chai ya nyumbani, huondoka na njaa. Usiku humgeuzia mgongo. "Mimi si mtoto, Mwalimu. Dalili hizi nazijua."

Dalili alizijua kweli, ila chanzo chake hakukijua. Nilipoketi na bwana huyo juma lililofuata, hakunionyesha picha ya mwanamke yeyote. Alifungua sanduku la pesa dukani, akatoa chupa ya tembe na kadi ya kliniki. "Ugonjwa umerudi," alisema. "Mama watoto hajui."

Leo wote wawili wameniruhusu kuieleza habari hii, mradi nisitaje majina yao wala parokia yao. Ninaieleza kwa sababu ina swali ambalo wana-ndoa wengi hujiuliza kimoyomoyo: Je, mtu anayempenda mwenzake anaweza kumficha ugonjwa ili asimwumize? Je, upendo unaweza kuihalalisha siri?

Kwanza tumsikilize mwenye siri, maana hakuwa mtu mbaya. Miaka kadhaa nyuma alipatwa na aina moja ya saratani ya damu ambayo madaktari huiita CML. Wakati ule bibi alijua kila kitu. Ndiye aliyempeleka kliniki, ndiye aliyeuza ng'ombe wawili. Dawa zikafanya kazi vizuri, na damu ikatulia. Wakatoa misa ya shukrani, majirani wakala na kunywa, na kila mtu akasema amepona. Bwana naye akayaamini maneno hayo. Akaona kwamba kuendelea kumeza tembe baada ya kumshukuru Mungu hadharani ni kama kumwambia Mungu hakumaliza kazi yake. Akaziacha kimya kimya, asimwulize daktari wala bibi. Bibi alipouliza, alijibu kwamba daktari amemruhusu.

Baada ya muda akaanza kutoka jasho jingi usiku, akapungua mwili, akasikia uzito chini ya mbavu za kushoto. Alipopimwa, ugonjwa ulikuwa umerudi. Akapewa tembe tena. Sasa angemwambiaje bibi? Angesema, "Ugonjwa umerudi, na ni mimi niliyeufungulia mlango"? Mtoto wao alikuwa ndiyo kwanza anaingia kidato cha kwanza. Ng'ombe walikuwa wameanza kuongezeka tena. Akajiambia: acha mzigo huu niubebe peke yangu.

Utaona, msomaji, kwamba katika siri hii aibu na upendo vilikuwa vimeshikana mikono. Ndivyo zilivyo siri nyingi za ndoa. Lakini chini yake kulikuwa na kitu cha tatu, yaani hofu. Bwana huyu aliamini kwamba ugonjwa ukirudi, basi ni kifo. Alidhani anamficha bibi jeneza. Kwa hiyo, kabla ya kusema lolote juu ya dhambi au haki, inatupasa tuujue ukweli wa jambo lenyewe. Mara nyingi tunakosea katika maadili kwa sababu tumeanza kwa kukosea katika habari.

CML ni ugonjwa wa nadra. Kati ya watu laki moja, kila mwaka humpata mtu mmoja au wawili. Mwaka wa 1960, wataalamu wawili katika mji wa Philadelphia, Marekani, waligundua kwamba ndani ya chembe za damu za wagonjwa hawa mna kromosomu moja iliyo fupi isivyo kawaida. Baadaye ikajulikana kwamba vipande vya kromosomu mbili, ile ya 9 na ile ya 22, vimebadilishana mahali. Kosa hilo huuamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyeupe bila kikomo. Ugonjwa huu hauambukizwi, hatuurithi kwa wazazi, wala hauletwi na uchawi.

Zamani wengi walioupata waliishi miaka michache tu. Kisha mwaka wa 1998 daktari Brian Druker na wenzake huko Marekani walianza kuwapa wagonjwa tembe inayolenga kosa lile lile katika damu. Jina lake la kitaalamu ni imatinibu, na wengi wanaijua kama Glivec. Iliidhinishwa Marekani mwezi wa Mei 2001. Hata hapa Kenya wagonjwa wengi wameipata bila malipo kupitia mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation. Katika uchunguzi mkubwa uitwao IRIS, wagonjwa walioanza na tembe hii walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10. Ilipotimia miaka 10, wagonjwa 83 katika kila 100 walikuwa wangali hai. Fikiri, msomaji: ugonjwa uliokuwa ukiua umegeuka kuwa ugonjwa wa kuishi nao, kama vile watu wanavyoishi na kisukari au shinikizo la damu.

Je, ukirudi? Hapa tutofautishe mambo mawili.

Pengine ugonjwa hurudi kwa sababu dawa imeachwa. Huko Ufaransa madaktari waliwachukua wagonjwa 100 ambao kwa miaka 2 au zaidi ugonjwa haukuonekana tena hata kwa vipimo vikali, wakawaachisha imatinibu. Katika mwaka wa kwanza waliwapima damu kila mwezi. Ugonjwa uliwarudia 61, wengi wao ndani ya miezi 6 ya kwanza. Lakini kwa kuwa ulinaswa mapema, karibu wote waliorudishiwa tembe walitulia tena, na hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa wake uliingia katika hatua ile kali. Kuacha dawa chini ya macho ya daktari, kwa kupimwa kila mwezi, si sawa na kuiacha kwa kificho na kungoja mpaka jasho la usiku likuamshe. Mtu wa kificho anaweza kukuta ugonjwa umekwisha kuingia katika hatua ambayo tembe haziuwezi kwa urahisi.

Pengine ugonjwa hurudi mtu akiwa anameza dawa, kwa kuwa chembe zenye ugonjwa zimejifunza kuikwepa. Hilo ni zito zaidi, nami sitaki kukudanganya. Hata hivyo zipo dawa zilizofuata, kama dasatinibu na nilotinibu. Katika uchunguzi mmoja wa kimataifa, wagonjwa walioshindwa na imatinibu walipewa dasatinibu. Miaka 7 baadaye, kati ya waliopewa miligramu 100 mara moja kwa siku, kama 65 katika kila 100 walikuwa hai. Ni wachache kuliko wale 83, lakini ni zaidi ya nusu, tena kwa miaka 7. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza humaliza shule ya sekondari katika muda huo, akaanza na chuo.

Basi, bwana yetu alikuwa anaficha jeneza ambalo halikuwapo. Na kwa kulificha, alikuwa karibu kulitengeneza. Nitakueleza jinsi gani.

Imatinibu humezwa pamoja na chakula na maji mengi. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, hukuchafua moyo na kukutapisha. Sasa mtu anayemficha bibi hawezi kuimeza mezani mbele yake. Bwana huyu alimeza tembe zake dukani alfajiri, kabla ya wateja kufika, bila chakula. Akawa anatapika nyuma ya duka. Kwa hiyo akaanza kuruka siku: leo kuna mzigo wa kupokea, kesho kuna mkutano wa kanisa, keshokutwa amesahau. Huko London mwaka wa 2010 madaktari walichunguza wagonjwa 87 kwa kutumia chupa zenye kifuniko kinachoandika kila kinapofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dawa yao, karibu wote, kama 94 katika kila 100, ugonjwa wao ulishuka hadi kiwango kizuri. Waliomeza asilimia 90 au chini yake, ni kama 28 tu katika kila 100. Asilimia 90 ya mwezi ni siku 27. Yaani siku tatu tu kwa mwezi zinatosha kumweka mtu katika kundi lile la pili!

Kule kliniki daktari aliona hesabu ya ugonjwa haishuki, akamwuliza kama anameza dawa kila siku. Akajibu, "Ndiyo, daktari." Basi daktari akadhani dawa imeshindwa, akaanza kufikiria kumbadilishia. Uongo haukubali kuishi peke yake, ndugu zangu. Aliyemdanganya bibi alilazimika kumdanganya na daktari.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ugonjwa kama huu, ambao matokeo yake ya miaka 10 hujengwa kwa tembe ya leo na ya kesho, siri yenyewe ni sehemu ya maradhi.

Pengine utaniuliza: "Mwalimu, na kama ningemficha huku nikimeza dawa zangu zote vizuri? Je, hapo kuna kosa gani?" Ni swali zuri, na halijibiki kwa hesabu za madaktari peke yake.

Mtakatifu Augustino aliligusa jambo lililo karibu na hili katika kitabu chake dhidi ya uongo, alichokiandika yapata mwaka wa 420. Alimfikiria mgonjwa mahututi ambaye mwanawe mpendwa amekufa naye hajui, akauliza: akikuuliza kama mwanawe yu hai, utamjibuje, na huenda ukweli ukamwua? Augustino hakujifanya kuwa na moyo wa jiwe. Alikiri kwamba mfano huo humtikisa sana. Hata hivyo hakuubariki uongo, kwa maana aliona kwamba tukiufungulia uongo mlango mdogo wa huruma, mlango huo utakuwa ukipanuka kidogo kidogo. Karne nyingi baadaye Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba kila uongo ni kosa, lakini kunyamaza kwa busara si uongo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka wa 1992, nayo hufundisha katika namba 2488 na 2489 kwamba si kila mtu ana haki ya kuambiwa kila jambo. Upendo na busara hutuonyesha nani aambiwe, lini na kwa namna gani. Kwa hiyo kuficha si dhambi kila mara. Jirani yako hana haki ya kujua kilichomo katika kadi yako ya kliniki. Jumuiya ndogo ndogo haina haki hiyo, hata kama inakuombea. Unaweza kumnyamazia mama mkwe, unaweza kuwanyamazia wadeni wako.

Lakini bibi yako si jirani. Siku ya harusi hukumpa shamba wala ng'ombe tu. Ulimpa nafsi yako, naye akakupa yake, nanyi mkawa mwili mmoja kama tunavyosoma katika kitabu cha Mwanzo. Mwili ukiwa mmoja, damu iliyo na ugonjwa ni ya nani? Mtu hawezi kusema "ugonjwa wangu" kwa namna ile ile aliyosema alipokuwa kapera.

Zaidi ya hayo, fikiri juu ya ahadi. Siku ile mwenzako aliahidi mbele ya Mungu kuwa mwaminifu kwako katika afya na katika maradhi. Wewe hukumlazimisha. Aliahidi kwa hiari yake. Sasa ukiugua na kumficha, unamzuia kuitimiza nusu nzima ya ahadi yake. Unamwachia ile nusu nyepesi ya siku za afya, na ile nzito unaibeba kama kwamba yeye hakuiahidi. Unadhani umempunguzia mzigo, kumbe umemnyang'anya heshima yake. Nadhani hapa ndipo kosa lilipo, hata kwa yule anayemeza tembe zake zote.

Tena pengo unaloliacha halibaki tupu. Mama yule hakuwa na amani eti kwa sababu hajui. Alilijaza pengo kwa jambo alilolijua, yaani uzinzi. Siri ya ugonjwa na siri ya hawara huvaa nguo moja: safari zisizoelezwa, simu iliyozimwa, pesa zinazopungua, mgongo kitandani. Katika kitabu cha Tobiti, mzee Tobiti alipopofuka macho, mkewe Ana alifanya kazi ya kufuma, akapewa mbuzi kama zawadi juu ya ujira wake. Tobiti alipomsikia mbuzi akilia hakumwamini, akadhani ameibwa, na nyumba ya wacha Mungu ikaingia ugomvi. Ugonjwa tayari ulikuwamo ndani ya nyumba ile. Kutoaminiana kukawa ugonjwa wa pili.

Wale wanaosema kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani, wasome Yoshua bin Sira sura ya 38. Humo tunafundishwa kumheshimu tabibu na kutozidharau dawa, kwa kuwa ni Mungu aliyezitoa katika ardhi. Uponyaji wa Mungu hauogopi kupimwa. Kama umepona kweli, kipimo kitasema. Kama bado, tembe yenyewe ni mkono wa Mungu.

Na ninyi mabibi mnaotumia dawa hizi, kuna sababu nyingine ya kusema ukweli. Imatinibu inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mama anayeitumia haruhusiwi kunyonyesha. Kwa hiyo habari ya kupata mtoto ni ya kuzungumzwa na daktari kabla ya mimba, wote wawili mkiwapo. Njia za asili za kupanga uzazi, ambazo Kanisa hutufundisha, hudai mume na mke wafuate siku pamoja na kujinyima pamoja. Mume asiyejua kuna nini atajinyima kwa ajili gani?

Wachumba nao wasikilize. Kanuni ya 1098 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983 husema kwamba ndoa inaweza kuwa batili pale mtu alipomdanganya mwenzake kwa hila ili akubali kumwoa, juu ya jambo ambalo kwa asili yake linaweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa. Ukiwa na ugonjwa mzito, sema kabla ya altare.

Basi utamwambiaje mwenzako? Usimwambie usiku mmekwisha kuchoka, wala mbele ya watoto, wala katikati ya ugomvi. Nenda kwanza kwa daktari ukajue umesimama wapi, ili usimletee hofu tupu. Kisha sema mambo matatu kwa mpango huu: ugonjwa umerudi, hivi ndivyo ulivyorudi, na hii ndiyo dawa iliyopo. Lile la katikati ndilo gumu, hasa kama kosa ni lako. Usiliruke, maana atakuja kulijua, na hapo hatakuamini tena hata katika yale mawili mengine. Ziara ya kliniki inayofuata, nenda naye. Acha amwulize daktari maswali yake mwenyewe.

Nawe unayeambiwa, siku hiyo usiwe hakimu. Una haki ya kuumia, na una haki ya kuuliza kwa nini ulifichwa. Lakini kumbuka kwamba mtu aliyefungua siri yake anakutazama usoni aone kama alikosea kuifungua.

Bwana yule alimwambia bibi yake jikoni, jioni moja, nami nikiwa nimeketi nje na watoto kama alivyoniomba. Bibi hakulia. Kwa siku tatu hakusema naye ila maneno ya lazima. Siku ya nne alimwekea chai na viazi vitamu asubuhi, akaweka chupa ya tembe kando ya kikombe, akasimama pale pale mpaka akameza. Baadaye aliniambia: "Mwalimu, ugonjwa niliusamehe siku ile ile. Ile misa ya shukrani niliyoendelea kuishukuru peke yangu, huku yeye anajua, hiyo ndiyo imechukua muda."

Daktari naye aliambiwa ukweli wote. Hakumbadilishia dawa. Alimwambia ameze ile ile kila siku pamoja na chakula, kisha wataona. Vipimo viwili vilivyofuata vilionyesha hesabu inashuka. Haijafika pale ilipokuwa zamani, na huenda isifike. Itapimwa tena na tena, miaka mingi, Mungu akipenda. Siku hizi wanapokwenda kliniki hupanda matatu wakiwa wawili, na simu zao zote mbili huwa wazi.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.